Protini ya Mbwa na Mabinamu wa Voi

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara walinizawadia saa ya ukutani na kuniomba niandike machache kuhusu kazi, "ili tusirudie makosa yenu." Nimelitafakari sana hilo neno *yenu*. Saa nimeitundika. Makosa, nawahakikishia, mtayarudia, na mengine mtayaboresha. Lakini niliahidi, kwa hiyo naandika. Sitawachosha na habari za vyeo, maana cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno mengi kuliko kazi zake.

Nilifika kituoni Voi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kwetu Mghange, kwenye baridi ya milima ya Taita, nikiwa nimevaa sweta. Hilo sweta litoshe kuwaonyesha nilivyoijua Voi. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, kibanda cha jenereta, na kibao cha barabarani kilichotaja utafiti wa magonjwa ya wanyama kwa herufi kubwa kiasi kwamba madereva wa malori walidhani ni hospitali ya rufaa. Nilikuwa na diploma ya maabara ndani ya bahasha ya plastiki. Niliitoa hiyo bahasha kabla hata sijasalimia.

Aliyenipokea ni Mzee Swaleh, fundi mkuu wa maabara, mzaliwa wa Voi katika familia iliyotoka Mombasa zamani za kujengwa reli. Alikuwa na kofia iliyoshonwa kwa mkono na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hakuigusa bahasha. Aliliangalia sweta.

"Mwanangu, hilo livue kabla halijakuua," alisema. "Kisha njoo nikufunze kumshika mbwa."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi nimesomea hadubini.

"Hadubini haiumi. Tuanze na kiumacho."

Kazi yetu ilikuwa mbwa. Sio mbwa wa wakubwa wenye majina ya Kizungu na blanketi zao, bali mbwa wa wachungaji wa upande wa Ndara, wanaolala na ng'ombe na kuumwa na mbung'o mchana kutwa. Mbwa wa mjini akiletwa huko, ugonjwa wa mbung'o humgeuza macho rangi ya samawati, humpofusha, na kumzika upesi. Mbwa wa Ndara huumwa, hulala kivulini, huamka, na kuendelea kufukuza fisi. Swali la utafiti lilikuwa jepesi kuliko karatasi zilizoandikwa juu yake: hawa wa Ndara wana nini?

Mzee Swaleh alinifundisha kumkumbatia mbwa kutoka nyuma, kichwa chake kikielekea mbali na uso wangu, huku nikimnong'oneza maneno yoyote ya upole. Yeye mwenyewe aliwasomea mbwa bei za sokoni. Alisema mbwa humtambua mtu mwoga, na pia humtambua mwoga anayejifanya jasiri, na huyu wa pili ndiye humuuma kwanza. Baadaye niliona kwamba hata wakubwa wa ofisi wana pua hiyohiyo.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa Ndara aliitwa Serikali. Mwenye mbwa, Mama Nzilani, mama wa Kikamba aliyechunga ng'ombe wa ranchi pamoja na mumewe, alinieleza jina hilo bila kupepesa jicho. "Anakula wa kwanza, anabweka sana, na mwizi akija hayuko." Miaka hiyo utani kama huo haukufaa kuandikwa. Nilipobandika lebo ya *Serikali, damu* kwenye chupa, mkubwa wa kituo aliingia, akaisoma, akatazama dirishani kama anayetafuta masikio ya watu, na kuniamuru niandike *S.* Tangu siku hiyo wachungaji wote wa Ndara wakawa wanauliza habari za afya ya S.

Huyo mkubwa tulimwita Bwana Mkuu, naye alilipenda jina hilo kwa sababu hakuisikia sauti tuliyolisemea. Msiseme namdharau. Alikuwa daktari wa mifugo mwenye elimu ya kweli, na asubuhi moja nilimwona akimzalisha ng'ombe aliyekwama ndama kwa ustadi ulionitoa machozi. Tatizo lake lilikuwa moja: alipenda kusikilizwa kuliko kueleweka.

Sasa nifike kwenye protini yenyewe.

Mwili wa mbwa, kama wetu, una njia ya kupiga kamsa. Chembe moja ikivamiwa na adui, hutoa protini fulani inayowaendea jirani zake na kuwaambia wajihami. Ya aina tuliyoitafuta inaitwa intaferoni. Ili kujua damu ya Serikali ina kamsa kiasi gani, ilibidi tuwe na intaferoni safi ya mbwa, ya kiasi kinachojulikana, ya kulinganishia. Ni kama jiwe la mizani. Huwezi kupima sukari kwa jiwe usilolijua uzito wake. Basi jiwe letu liliagizwa ng'ambo, likatengenezwa na bakteria waliofundishwa kazi hiyo, likakaushwa, na kuletwa Voi ndani ya sanduku linalotoa moshi wa baridi.

Watu wa kituo kizima walikusanyika kufungua. Ndani ya sanduku kulikuwa na sanduku, na ndani yake vichupa vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Mpishi wetu wa chai alikitazama kimoja kwenye mwanga na kusema, "Mmeibiwa. Hakina kitu."

Kweli, haikuonekana kitu. Unga wenyewe ni kidogo kiasi kwamba pumzi ya chafya ingetupokonya mwaka wa utafiti. Mzee Swaleh alinionyesha: kwanza kizungushe kichupa kwenye mashine ili unga ulioshika kifuniko ushuke chini. Kisha maji safi, taratibu, pembeni. Usitikise. Protini si soda. Kisha gawa kidogokidogo kwenye vichupa vingi na ugandishe, maana ukiyeyusha na kugandisha tena na tena, inachoka na kufa moyo. Kwenye kila chupa kulikuwa na lebo ya watengenezaji: kwa utafiti tu, si kwa matibabu ya binadamu wala ya wanyama. Nawaomba muikumbuke hiyo lebo, maana Voi nzima iliisoma na hakuna aliyeiamini.

Yote yangeishia ndani ya friza kama Bwana Mkuu hangealikwa kwenye baraza la chifu kuzungumzia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Alizungumzia chanjo kwa muda mfupi. Watu walipiga miayo. Mtu anayependa kusikilizwa akiona miayo hufanya lolote. Akavua miwani na kusema, "Ndugu zangu, pale kituoni sasa tunayo intaferoni. Huyu ni askari wa mwili! Mwenye askari huyu, ugonjwa unamwogopa!"

Miayo ikakoma.

Lazima niwaeleze ninyi vijana hali ya siku zile, kwa sababu mmekua mkiona vidonge vya ukimwi vinapewa watu kama vya malaria. Sisi hatukuwa na kitu. Voi iko kwenye barabara kuu na reli, na ugonjwa ule ulishuka na kupanda na kila mwenye safari. Kila Jumamosi kulikuwa na maziko, na kwenye maziko hakuna aliyekufa kwa ukimwi. Walikufa kwa nimonia, kwa homa ndefu, kwa jicho la jirani. Watu walisema fulani "ana mdudu", tena kwa kunong'ona, kisha wakanawa mikono. Na redio kila baada ya muda ilikuwa na habari ya dawa mpya iliyogunduliwa mahali fulani. Ndani ya hali hiyo, mtu mwenye miwani mkononi akataja askari anayeogopwa na ugonjwa.

Aliyetangulia kuja alikuwa diwani. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha kumfungia mbwa, akauliza habari za watoto wangu, ambao sikuwa nao. Kisha akasema, "Nina binamu yangu, hajisikii vizuri."

Baadaye akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye pia alikuwa na binamu. Mhubiri mmoja alikuja na habari za muumini wake, lakini nilipomuuliza muumini ni nani, alifikiri kidogo na kusema ni binamu. Ofisa mmoja alituma dereva wake, na binamu akawa wa dereva. Katika maisha yangu sijaona mji wenye watu wengi wanaowajali mabinamu wao kama Voi ya mwaka ule. Na mabinamu wenyewe, jambo la kushangaza, wote walikuwa na umri sawa na aliyekuja kuwaulizia, na uzito wao ulikuwa umepungua kwa kiasi kilekile.

Nilimwambia kila mmoja kwamba ile ni ya mbwa. Walitabasamu. Diwani alinipiga jicho, akasema, "Naelewa, ni siri."

Nikamwendea Bwana Mkuu nikamwomba atangaze kwamba hatuna dawa. Akakaa sawa kwenye kiti. Simu yake ilikuwa imeanza kulia. Wakubwa ambao zamani hawakujua kituo kiko upande gani wa reli sasa walimwita *daktari wetu*. Alikuwa amealikwa kukata utepe.

"Mkawasi, mwanasayansi hafungi milango," alisema. "Tunasema *bado tuko kwenye utafiti*. Je, huo ni uongo?"

Haukuwa uongo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuvalisha uongo nguo za ukweli na asikosee hata kifungo.

Mzee Swaleh alitikisa kichwa. "Huyu bwana amepanda punda wa mtu," aliniambia. "Ashukapo, sisi tutakuwa tumekwisha pigwa mateke."

Siku moja mchana, nikiwa nasafisha pipeti, mirija yetu ya kupimia, nikaitwa nje. Chini ya kivuli cha ukuta alikaa Mwalimu Mwakio, aliyenifundisha shule ya msingi Mghange. Ndiye aliyewaambia wazazi wangu kwamba msichana huyu asome, tena akawaambia kwa sauti ya kugomba. Nilimpita mara mbili kwa macho kabla sijamjua. Shati lilikuwa lake, lakini ndani yake alikuwamo mtu mwingine. Kando yake alisimama mkewe, Wakesho, mwanamke mwenye nguvu, kikapu mkononi, kana kwamba wamekuja sokoni.

Tulisalimiana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, salamu ndefu za milimani, za kuulizana mpaka habari za mahindi. Kisha nikangoja nisikie habari za binamu.

"Mimi ni mgonjwa, Mkawasi," alisema Mwalimu. "Nina ukimwi. Walinipima. Juu yake nina kifua kikuu, na kwa hicho wananipa vidonge hospitalini. Nimekuja kukuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa hudanganyi hata ukichelewa shule. Hii dawa ya mbwa ni ya kweli?"

Katika mji mzima alikuwa mtu wa kwanza kuja kwa niaba yake mwenyewe. Nikakaa chini kando yake.

Kabla sijajibu, Wakesho alitoa kitu kutoka kwenye kikapu, kimefungwa kwa leso. "Tayari tumeanza nayo," alisema kwa haraka. "Tunataka tu kujua kama kipimo ni sawa."

Kilikuwa kichupa chetu. Nilikijua kama ninavyojua mkono wangu. Kilikuwa kimetupwa kwenye shimo la taka kikiwa kitupu, na sasa kilikuwa kimejaa maji yenye rangi ya chai nyepesi. Lebo ilikuwa palepale: kwa utafiti tu, si kwa matibabu. Muuzaji hakujisumbua kuibandua. Kwa nini aibandue? Ndiyo iliyokuwa stakabadhi yake.

"Mmekipata wapi?"

"Kwa mtu mmoja wa mitumba, pale stendi. Mtamba wetu wa ng'ombe ndiye tuliyemuuza kwa hilo," alisema Wakesho. "Akasema dawa hii haitaki kuchanganywa na vidonge vya hospitali. Kwa hiyo vidonge tumeviacha."

Niliona baridi ya Mghange ikiniingia mwilini katikati ya joto la Voi. Kifua kikuu kilikuwa na dawa. Ndicho kitu pekee katika yote yale kilichokuwa na dawa, na ndicho walichokiacha.

"Mwalimu," nikasema, "haya ni maji. Na hata ingekuwa yenyewe, si dawa. Ni ya kupimia. Hata mbwa hatuwapi. Rudi kwenye vidonge vya kifua. Leo, Mwalimu. Sio kesho."

Mwalimu alikitazama kichupa, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja. "Hata mbwa hawapewi," alirudia alipopata pumzi. "Wakesho, umesikia? Tumekunywa kitu ambacho hata mbwa wananyimwa."

Wakesho hakucheka. Alinitazama kwa macho makavu. "Mnawawekea wakubwa," alisema. "Diwani tumemwona akitoka huku akitabasamu. Sisi wa milimani ndio mnatuambia ni maji. Na wewe umekula kwangu, Mkawasi. Umekula kwangu ukiwa mtoto."

Nilimwambia naapa. Akasema wanaoapa anawajua, huwa wanaapa hivyohivyo. Mwalimu akaniachia kichupa; Wakesho akamshika mumewe mkono, wakaondoka polepole kuelekea stendi. Sikujua kama atamruhusu ameze kidonge hata kimoja.

Nilikipeleka kile kichupa mezani kwa Bwana Mkuu. Alikigeuza, akaisoma lebo, rangi ya uso ikambadilika. Sitamnyima haki yake: alishtuka. Lakini mshtuko wa mkubwa hauchukui muda. "Huu ni wizi wa mali ya kituo," alisema. "Tutatoa taarifa kwa wakati ufaao." Wakati ufaao, mtajionea wenyewe, ni mgeni ambaye hualikwa kila mkutano na hajawahi kufika.

Mzee Swaleh yeye alichukua jembe na mafuta ya taa, akachoma vichupa vyote vya plastiki vya shimoni, akasimama hapo mpaka vikayeyuka. Tangu siku hiyo hakikutupwa hata kifuniko bila yeye kukichoma. "Vichupa nimevichoma," aliniambia, amejaa masizi kwenye lile koti lake la pasi. "Ila maneno ya baraza, mwanangu, hayo utayachoma kwa nini?"

Yaliyofuata yaliletwa na mbwa. Watu waligundua kwamba ikiwa dawa inatoka kwa mbwa wa Ndara, basi ya nini kununua kichupa wakati unaweza kuiba kiwanda? Mbwa wakaanza kupotea. Serikali akapotea. Mama Nzilani akatembea kutoka Ndara hadi kwa chifu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi sokoni kwamba Serikali ameibwa na anataka Serikali yake irudishwe. Askari wawili walisimama wasijue kama wamkamate au wamsaidie. Chifu akaona njia ya salama ni kuitisha baraza.

Umati ulikuwa mkubwa. Mabinamu wote walihudhuria, yaani wenye mabinamu. Diwani alikaa mbele kwenye kiti chenye mto. Bwana Mkuu alisimama na kuzungumza kwa upana juu ya umuhimu wa mbwa katika uchumi wa taifa. Alipoulizwa kuhusu dawa, alivua miwani. Nikafumba macho.

"Utafiti," alisema, "ni safari. Hatuwezi kusema tumefika, wala hatuwezi kusema hatutafika."

Watu wakapiga makofi. Ndipo nikaona mtu akiinuka nyuma, mkewe akimvuta koti akae, naye akilitoa koti mkononi mwake kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto mkono nguoni.

"Chifu, naomba kuuliza," alisema Mwalimu Mwakio. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa sauti ya darasani, na watu walinyamaza kabla hawajajua kwa nini. "Nimekaa hapa nikisikiliza. Kila niliyezungumza naye leo ana binamu mgonjwa. Diwani ana binamu. Mhubiri ana binamu. Basi nimesimama mnione. Binamu ndiye mimi."

Hakuna aliyekohoa isipokuwa yeye.

"Nina ukimwi. Mkitaka kunawa mikono, bomba liko pale. Mimi nilinunua maji ya stendi nikaacha dawa ya kifua, na niko hapa kwa sababu nimerudi kwenye dawa ya kifua. Sasa sitaki safari ya daktari. Nataka jibu la ndiyo au la. Mkawasi, wewe ndiwe unayekishika hicho kitu. Ni dawa ya watu au si dawa?"

Vichwa vyote vikageuka. Bwana Mkuu alinitazama kwa tabasamu lililokuwa na amri ndani yake. Wakesho alinitazama bila tabasamu. Kazi ile ilikuwa inawasomesha wadogo zangu, na Mzee Swaleh, niliyemtafuta kwa macho, alikuwa akiangalia kofia yake iliyokuwa magotini. Hakunisaidia. Baadaye aliniambia hakutaka ije isemwe kwamba yeye ndiye aliyenituma kusema.

Nikasimama. "Si dawa, Mwalimu," nikasema. "Ni protini ya mbwa ya kupimia. Hatumpi mtu, hatumpi mbwa. Anayewauzia, anawauzia maji. Aliyeacha vidonge vya hospitali avirudie."

Nilitarajia watapiga kelele. Badala yake niliona kitu ambacho sikukitarajia: mwanamke mmoja mzuri aliyevaa vizuri, mgeni kwangu, alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimewanyang'anya kitu. Kilikuwa bure, kilikuwa uongo, na kilikuwa chao pekee.

Mama Nzilani ndiye aliyesema wa kwanza. "Kwa hiyo mbwa wangu ameibwa bure?" Watu wakacheka, kicheko kibaya cha watu waliotaka kulia, na baraza likaisha. Diwani alikuwa ameshaondoka. Mto wa kiti aliuacha. Serikali alirudi mwenyewe baada ya siku chache, kamba shingoni, amenenepa. Aliyemwiba bila shaka alikuwa akimlisha ili dawa iongezeke.

Mimi nilipewa uhamisho. Barua ilinipongeza kwa bidii na kunipeleka Mata, kule Taveta karibu na mpaka, ambako palihitajika sana mtu wa kuhesabu mbung'o kwenye mitego. Mbung'o wa Mata, naomba niwajulishe, hawakuwa na tatizo lolote la kuhesabiwa, walikuja wenyewe. Nikafika nikapewa meza yenye miguu mitatu na jiwe. Mzee Swaleh alinisindikiza hadi kwenye basi, akanipa sanduku la pipeti zake za zamani za kioo, zile alizokataza mtu kuzigusa.

"Bwana Mkuu kaniuliza mbona nimezitoa," alisema. "Nikamwambia bado tuko kwenye utafiti."

Kuhusu mbwa wa Ndara, nijibu kabla hamjauliza. Tulipata michoro mizuri ya vipimo, rangi zilipanda na kushuka kwenye pleti za kupimia kama inavyotakiwa, kisha umeme wa Voi ukakatika, jenereta ikagoma, na intaferoni iliyobaki ikayeyuka na kuchoka. Majibu yalikuwa kama majibu mengi ya kazi yetu: yalihitaji majibu zaidi. Bwana Mkuu alipanda cheo. Sitasema zaidi, niliahidi kutozungumzia vyeo.

Mwalimu alivimaliza vidonge vya kifua. Akanenepa kiasi, akarudi darasani, ingawa baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao, na wengine, baada ya kuona shule nyingine, wakawarudisha. Watu walianza kumwendea nyumbani jioni, mmojammoja, wakitazama nyuma. Hakuwapa dawa. Aliwauliza kama wanakohoa, na wakikohoa aliwasindikiza hospitali yeye mwenyewe, akitembea mbele ili wanaopita wamtazame yeye. Alimwona binti yake akimaliza sekondari. Vidonge vya ukimwi havikumkuta. Alifariki miaka hiyohiyo ya tisini ikielekea ukingoni, wakati wa mvua, nami nikapanda kutoka Mata hadi Mghange nikiwa na matope hadi magotini.

Mhubiri aliyezika alifungua kitabu chake na kuanza kusema kwamba ndugu yetu alisumbuliwa na nimonia kwa muda mrefu. Wakesho akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema mume wake alikufa kwa ukimwi, kwamba yeye mwenyewe aliutaja mbele ya chifu akiwa hai, na hatakubali mtu ambatize upya akiwa ndani ya sanduku. Kisha akakaa. Mhubiri akatafuta ukurasa mwingine.

Baada ya maziko nilikaa mwisho wa ua, karibu na banda la ng'ombe, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Tangu siku ya kichupa Wakesho hakuwa amenisemesha hata neno. Nilimwona akipita katikati ya watu akigawa chakula, akifika karibu, akipita, akirudi. Mwishowe alisimama mbele yangu na sahani ya kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa, moshi bado unatoka.

"Ulisema kweli," alisema. "Kwa wiki zile chache za kichupa nilikuwa na mume anayepona, ukasema kweli."

"Wakesho..."

"Bado sijakusamehe." Akaniwekea sahani mikononi, akavikaza vidole vyangu kimoja kimoja ili isidondoke. "Kula."